Alama Moja kwa Wote

Kwa miaka miwili nilikaa kwenye duara. Sisemi kwa mafumbo. Lilikuwa duara la viti kumi na sita, nami nimevaa soksi, kwa sababu viatu viliachwa mlangoni, na madawati yalikuwa yameondolewa na wanafunzi fulani wa kabla yetu walioona kwamba dawati linamtenga mtu na mwenzake. Mimi nililihitaji dawati. Nina mgongo wa mtu aliyeinua wazee wa watu vitandani kwa miaka kumi na minne, na kuandika juu ya goti si kazi ya mgongo huo. Nililisema hilo wiki ya kwanza. Wakanishukuru kwa kuwashirikisha ninavyojisikia, kisha tukaendelea kukaa vilevile.

Shule yenyewe ilikuwa jumba la mbao la rangi ya manjano, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka stesheni ya Upplands Väsby. Waswidi wana shule nyingi za namna hii za watu wazima, wanaziita folkhögskola. Ada hakuna, mitihani hakuna, mkuu wa shule yupo ila hapendi kuonekana mkuu. Kila moja ina tabia yake, na ya kwetu ilikuwa imeamua kuzishinda zote kwa kutofanana na shule. Tulisoma hisabati na biolojia, ndiyo, lakini pia tulisoma kusikiliza, na Jumatano alasiri tulisoma bustani. Kabichi za bustani ile ziliendeshwa kwa maridhiano kama kila kitu kingine. Konokono walizimaliza zote tukiwa bado tunajadili kama konokono naye ana haki ya kula.

Nilifikaje huko? Nilitaka kuwa muuguzi. Morogoro niliishia kidato cha pili, na hapa Stockholm nimekuwa nikihudumia wazee majumbani, Husby na Kista, nikiwaosha, nikiwalisha, nikiwapa vidonge vilivyopangwa na muuguzi. Nimewafundisha kazi wauguzi wapya wasiojua kumgeuza mtu bila kumuumiza, kisha wakakaa kitini wakasaini karatasi ambazo mimi siruhusiwi kuzisaini. Nikasema basi. Nina miaka arobaini na minne, nitakwenda kuisoma hiyo sekondari yao. Kazini nikabaki na zamu za mwisho wa wiki tu.

Sasa, ukimaliza miaka yako kwenye shule kama yetu hupewi vyeti vya masomo kwa masomo. Unapewa alama moja tu, ya jumla, inayoeleza unavyoweza kusoma. Zipo ngazi nne: hafifu, nzuri, nzuri sana, na bora. Chuo cha uuguzi kina viti vichache kwa ajili yetu, na viti hivyo vinagawiwa kwa alama hiyo peke yake. Waliotutangulia waliniambia wazi kwamba bila "bora" usijisumbue kutuma maombi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilijua ninachokifuata. Wengine walikuja kujitafuta, mimi nilikuja kutafuta neno moja kwenye karatasi.

Kila asubuhi duara lilizunguka, na kila mtu akaeleza hali ya hewa iliyo ndani yake. Mmoja alikuwa ukungu. Mwingine alikuwa mvua nyepesi yenye matumaini. Ikifika zamu yangu nilisema nzuri, asanteni, kwa sababu mimi nimelelewa hivyo. Ukiulizwa hali unasema nzuri, hata kama nyumba inaungua, halafu ndipo unaomba ndoo. Ilichukua dakika arobaini kila siku. Nilipiga hesabu kichwani mara moja ya kurasa za biolojia ambazo ningekuwa nimesoma kwa muda huo, nikaacha, maana hasira ilikuwa inanipandisha presha.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, mvi tupu, mtu mwema kabisa. Alitaka tumwite kwa jina lake. Mimi ulimi ulikataa. Mtu anayekufundisha, aliyekuzidi umri, unamwitaje kwa jina kavu kama unamwita mwenzako wa rika? Kumwita "mwalimu" nako alinikataza, kwa tabasamu, akisema hapa hakuna aliye juu. Basi kwa miaka miwili sikumwita chochote. Nikimhitaji nilikohoa, au nilizunguka meza ya jikoni nikatokea mbele yake kama kwa bahati. Kuna siku nilizunguka nyumba nzima kwa nje kwenye theluji ili nimuulize tarehe ya kuwasilisha insha.

Katika watu kumi na sita, wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Aliyewaongoza, ingawa ungemwambia anaongoza angekana, alikuwa kijana mmoja mrefu mwenye nywele alizofunga kisogoni, ambaye alifuma soksi darasani tangu Septemba hadi Juni. Alinipa jozi moja, na ilikuwa nzuri kweli, naivaa mpaka leo. Simsemi kwa ubaya. Alikuwa na moyo. Ila alikuwa amemaliza sekondari yake zamani, kwa alama za juu, mtoto wa wazazi wenye kazi nzuri, na alikuja kwetu kupumzika na mambo ya alama. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Na alikuwapo Mkongo. Alitoka Bukavu, anaishi Norsborg, upande wa pili kabisa wa jiji, na alikuwa dereva wa gari la mikate. Alianza kazi saa tisa za usiku, akamaliza saa mbili asubuhi, kisha akapanda treni ya chini ya ardhi na ile ya juu kuja huku kwetu. Kwa hiyo alichelewa. Alichelewa karibu kila siku, na siku nyingine hakuja kabisa kwa sababu mwenzake wa kazini ameugua. Akifika amebeba mfuko wa mikate iliyobaki, na vijana wakamsifu kwa kuokoa chakula kisitupwe. Yeye alikuwa anajiokoa mwenyewe na njaa. Alikaa kitini na koti lake la kazi lile linalong'aa, na mara nyingi katikati ya zoezi la kusikiliza alikuwa amesinzia.

Aliniita mama, ingawa ananizidi miaka minane. Kwao ni heshima. Mimi nilimwita kaka. Bukavu alikuwa amefundisha hisabati shule ya msingi miaka tisa, na alitaka kurudi kwenye ubao, hapa hapa, kwa Kiswidi. Mimi hesabu zilinitesa, hasa zile za kupima dawa, na yeye ndiye aliyenifundisha, jikoni wakati wa kahawa na kwenye treni wakati wa kurudi. Mwalimu wetu alinifundisha hesabu kwa kuniuliza ninajisikiaje nikiona hesabu za sehemu. Mkongo alizigawa tu.

"Mama, uko na kosa kidogo tu," alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, chenye Kifaransa ndani, huku treni inapita Rotebro. "Ile miligramu unagawanya kwanza, njo unazidisha. Weye unakimbia."

"Nakimbia kwa sababu nashuka Sollentuna."

"Sollentuna haitakimbia, vraiment. Gawanya."

Nilipenda kufundishwa hivyo. Hakuniuliza hali yangu ya hewa hata siku moja.

Jambo lenyewe lilitokea mwaka wa pili, majira ya kuchipua, theluji ikiwa imebaki kwenye kona za uzio tu. Ulikuwa mkutano mkuu wa wiki. Mikutano yetu haikupiga kura, kwa kuwa kura huacha walioshindwa. Pendekezo linatolewa, duara linazunguka, anayependa anatikisa vidole hewani, kisha mwendesha mkutano anauliza mara tatu kama kuna anayepinga. Mmoja tu akipinga, jambo limekwama. Wote wakinyamaza, limepita. Na shule ilikuwa imejifunga kuheshimu chochote kitakachopita.

Kijana wa soksi akaweka sindano zake chini. Akasema amelala vibaya kwa wiki nzima akifikiria zile alama. Tumeishi pamoja bila kupimana kwa miaka miwili, tumekuwa watu kamili, na sasa tutapangwa ngazi nne kama mayai ya dukani? Akapendekeza sote tupewe alama moja. Na kwa kuwa shule hairuhusiwi kugawa alama za juu ovyo, alama hiyo itakuwa "nzuri". Nzuri kwa wote, kwa mshikamano.

Vidole vikatikiswa duara zima. Msichana mmoja alisema anahisi mwili wake umepumua.

"Nzuri" kwangu ni sawa na kufunga mlango na kuutupa ufunguo ziwani. Zamu ya kusema ikazunguka ikanifikia. Na hapo nikafanya jambo ambalo kwetu kila mtu angelielewa. Niliurekebisha mtandio wangu begani, nikakunja mikono, nikatazama dirishani, nikanyamaza.

Naomba nieleze, maana huko hawakuelewa. Ukoo wetu una shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, ambaye sijawahi kumsikia akisema hapana kwenye kikao. Likiletwa jambo asilolitaka, mahari ya ovyo, kiwanja kuuzwa, anavuta khanga yake begani na kuutazama ukuta. Basi. Mwenyekiti wa kikao, hata kama ni mlevi, anaona. Anasema jamani jua limekuwa kali, tuvunje kikao tukutane Jumapili. Na kabla ya Jumapili mtu anatumwa kwake na sukari kilo mbili kumuuliza kulikoni. Mtu mzima hapingi mbele za watu, maana akipinga mbele za watu amewavua nguo wenzake. Ananyamaza, na kazi ya wengine ni kukisoma kimya chake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, tuliimbiwa tangu tukiwa wadogo.

Kwa hiyo nilinyamaza kwa nguvu zangu zote. Nilinyamaza mpaka shingo ikauma. Nikamtazama Mkongo, naye alikuwa amenyamaza, ameinamisha kichwa, mikono magotini. Nikasema afadhali, tuko wawili. Watu wazima wawili, tena wageni, wamenyamaza, haiwezekani wasione.

Mwendesha mkutano akauliza mara ya kwanza, akauliza ya pili, akauliza ya tatu. Kisha akapiga kofi dogo akasema asanteni, limepita, tukanywe kahawa.

Nilikwenda nyumbani nikijua mtu atakuja. Sikungoja sukari, ila nilingoja mtu. Jumanne nikangoja. Jumatano kwenye bustani nikachimba karibu na mwalimu kwa makusudi, nikimpa nafasi. Alinisifia nilivyoshika jembe. Alhamisi muhtasari ukabandikwa kwenye friji ya jikoni, na chini yake umeandikwa kwamba wote waliafiki kwa moyo mmoja na hakuna aliyepinga. Nilisimama mbele ya friji ile na kikombe mkononi nikaisoma sentensi hiyo mara nne.

Nikamtafuta kijana wa soksi, nikamweleza kwamba mimi sikuafiki.

"Lakini hukusema kitu," alisema. Alishangaa kweli, wala hakuwa na hila.

"Nilinyamaza."

"Ndiyo. Ulinyamaza."

Nilitamani kumzaba kofi, na nilitamani pia kumkumbatia kwa alivyo mtoto. Nikaenda kwa mwalimu, nikakohoa. Akanisikiliza vizuri sana, ameinamisha kichwa upande, akasema inauma kubeba jambo peke yako, na kwamba yeye hawezi kuliondoa. Nililete kwenye duara, nilitaje kwa mdomo wangu. Nikamwambia yeye ni mwalimu, aseme neno moja tu liishe. Akasema hapo ndipo neno lake lingekuwa na nguvu isiyo sawa na letu. Nilirudi Husby na hasira hiyo, nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Binti yangu ana miaka kumi na sita. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, ndivyo tunavyoishi. Alinisikiliza nikilalamika jikoni, akatoa visikizi masikioni.

"Mama, mbona unaniambia mimi?" alisema kwa Kiswidi chake cha haraka. "Wao hawajui. Waambie hapana."

"Si rahisi hivyo."

"Ni neno moja. Sema mbele yangu. Mimi ni duara."

Akaketi juu ya kabati la jikoni, miguu inaning'inia, akawa duara. Nikaanza: samahanini wapendwa, mimi naona labda pengine tungeweza kulitazama tena...

"Umeshaomba msamaha," akasema. "Na hiyo siyo hapana. Hiyo siyo kitu. Anza tena."

Nilianza tena. Nilianza mara saba au nane. Mara nacheka, mara naongeza "kama hamtajali". Mwisho nikasema hapana, kwa Kiswidi, neno fupi lile, kavu, bila kitu mbele wala nyuma, na nikajisikia kama nimemtukana mtu msibani.

"Hivyo," akasema binti yangu. "Halafu usitabasamu."

Alikuwa na uso mkali. Nikagundua kwamba na yeye alikuwa na hasira, si na shule, bali na mimi. Alisema amechoka kuniona nikitoka kazini nimevimba miguu, wanaonipangia kazi ni watu niliowafundisha, na mimi nasema nzuri, nzuri, nzuri. Kisha akarudisha visikizi masikioni. Sikulala vizuri.

Mkutano uliofuata nilivaa nguo zangu za kanisani. Zamu ikanifikia. Nikasema hapana. Nikasema ninapinga alama moja kwa wote, nataka yangu. Sikutabasamu.

Ungedhani nimevunja sahani. Sindano za kufumia zilisimama. Msichana aliyepumua mwili wiki ile alianza kulia, polepole, akiomba tusimjali. Kijana wa soksi akaniuliza, kwa upole uliotaka kunitoa machozi ya hasira, ni hitaji gani lililo nyuma ya hapana yangu. Nikamwambia hitaji langu ni kuwa muuguzi. Akauliza na nyuma ya hilo? Nikamwambia nyuma ya hilo kuna kodi ya nyumba na mgongo. Duara likazunguka. Mmoja akasema anauheshimu ujasiri wangu lakini anaomboleza ndoto ya pamoja. Mwingine akauliza kama kiu yangu ya alama si mfumo unaosema kupitia mimi. Nikamjibu kwamba mfumo haujui hata mimi naishi wapi. Tulikwenda saa moja, tukaenda mapumziko ya kahawa, tukarudi, tukaenda saa nyingine mbili. Nimehudhuria misiba mifupi kuliko mkutano ule.

Mkongo hakusema neno. Zamu ilipomfikia alitikisa kichwa tu kwamba ipite. Alikuwa amelikunja koti lake la kazi magotini, anavuta zipu juu, anaishusha, anavuta juu, macho dirishani. Nilimwona. Nikafikiri anaona haya kwamba mwanamke amesema yeye akiwa amekaa kimya, nikamsamehe moyoni. Ndivyo nilivyofikiri, kwamba namsamehe.

Mwendesha mkutano akauliza kama kuna anayepinga turudi kwenye alama za kila mtu. Akauliza mara tatu. Hakuna aliyepinga. Wakati wa kuvaa viatu, Mkongo alinipa mkono akasema, "Umesema vizuri, mama." Nilitembea mpaka stesheni nimenyoosha shingo.

Alama zilitolewa mwezi wa Juni, mmoja mmoja, kwenye chumba kidogo kilichokuwa cha kusukia mikeka. Mwalimu alinimiminia chai. Akasema walimu wote wamekubaliana, akasukuma karatasi mezani. Bora. Neno hilo lilikuwa peke yake kwenye mstari. Nililisoma, nikaweka kidole juu yake, nikaliacha hapo. Akaongeza kwamba kilichowafurahisha zaidi ni kuona nilivyokua, nilivyothubutu kuchukua nafasi. Mimi, mwenye miaka arobaini na sita sasa, niliyemfumba macho mzee wa watu zaidi ya mmoja, nimekua. Lakini siku ile ningesamehe lolote. Nilimshukuru, na kwa mara ya kwanza nikamwita kwa jina lake, naye akatokwa na machozi, na mimi pia.

Mkongo alikuwa ameingia kabla yangu, tena akaondoka. Nilimkuta stesheni, amekaa kwenye benchi, mfuko wa mikate pembeni. Nilimwonyesha karatasi kabla hata sijaketi. Akaisoma yote, mpaka saini, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Hongera, mama. Hongera sana."

"Na wewe, kaka?"

"Mimi nimepata ile ya chini."

Sikuelewa. Nilimtaka arudie. Akarudia, hafifu. Akasema hawakumwonea, walimwandikia kwamba hesabu zake ni safi, ila alama inapima usomaji wote, na yeye hakuwapo asubuhi, hakuwapo kwenye miradi ya vikundi, siku nyingine hakuwapo kabisa. Alisema hayo yote kana kwamba anaeleza ratiba ya treni. Mimi nilikwisha kusimama. Nilisema turudi sasa hivi, tuwaambie juu ya gari la mikate, tuwaambie saa tisa za usiku, watu gani hawa.

"Wanajua, mama. Kaa."

"Chuo cha ualimu je?"

"Ile haiwezekani na alama hii."

"Na ile alama ya wote?" Niliuliza kabla sijafikiri. "Ile 'nzuri'. Ingetosha?"

Alitazama reli. "Nilikuwa nimebauliza mu chuo. Banasema 'nzuri' inatosha kabisa."

Pale stesheni palikuwa na watoto wa shule wenye kofia nyeupe wanaimba, sijui walikuwa wamehitimu kitu gani. Nilikaa chini.

"Siku ile ya kwanza ulinyamaza," nilisema. "Tulinyamaza wote wawili. Mimi nilifikiri unapinga kama mimi."

"Hapana. Mi nilinyamaza juu nilikuwa nakubali. Waliuliza nani anapinga, mimi sikupinga. Nilifurahi, donc nilitulia."

"Na siku ya pili? Kwa nini hukusema? Ungesema tu hapana, jambo lingekwama."

Akanigeukia, na alionekana kushangazwa kidogo na swali, jinsi ninavyoweza kuwa mama mzima na kuuliza jambo kama hilo.

"Siku ya pili weye ulikuwa umekwisha kusema," alisema. "Nitakupinga mbele ya batoto?"

Treni ikaja. Akainuka, akanishikia mlango, akanipisha upande wa dirisha. Rotebro ikapita, Norrviken ikapita. Kwa miaka miwili nilikuwa nimekasirika na kila mtu kwenye duara lile, kwa haki kabisa, na sasa nilipekua moyoni nikitafuta wa kumkasirikia, nikakuta nimebaki mimi peke yangu. Nilitaka kumwambia pole. Nikaona pole ni neno la mtu aliyefikwa na bahati mbaya, na hii haikuwa bahati. Aliniuliza chuo cha uuguzi kinafunguliwa lini. Nikamwambia ni mwisho wa Agosti, nikijaliwa nafasi. Akasema nitapata tu.

Nilishuka Sollentuna. Yeye alikuwa bado na mwendo wa saa nzima. Kwenye simu binti yangu alikuwa ameandika mara tatu akiuliza kama nimepata. Mabasi mawili ya Husby yalipita nikiwa nimekaa kituoni, na la tatu lilipofika ndipo nikamwandikia ndiyo.